Tarehe ya Ubuntu yamhusu pia mfanyabiashara wa mpakani

Kila mfanyabiashara wa mpakani anajua thamani ya siku ya soko. Likitangazwa Jumatano, lori hupakiwa Jumanne. Likisogezwa bila taarifa, nyanya huoza. Ndivyo ilivyo pia kwa programu za kompyuta, na mfano mzuri ni Ubuntu, mfumo endeshi huria unaotolewa bure, ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth, raia wa Afrika Kusini. Jina lenyewe si geni kwetu: kwa Kizulu ni utu, na kwa Kirundi na Kinyarwanda kitu cha "ku buntu" ni cha bure.

Ubuntu imejengwa juu ya Debian, mfumo mwingine huria ambao hutolewa pale tu unapokuwa tayari. Watumiaji wa Debian waliwahi kungoja toleo jipya tangu Julai 2002 hadi Juni 2005. Ubuntu ikaahidi kinyume chake: toleo kila miezi sita, Aprili na Oktoba.

Ahadi hiyo ilijaribiwa mwaka 2006. Toleo la Aprili lilikuwa la kwanza kupewa matunzo ya muda mrefu, miaka 3 kwa kompyuta za mezani na 5 kwa seva. Mwezi Machi, Shuttleworth alipendekeza lisogezwe wiki sita ili lijaribiwe zaidi. Likatoka Juni 1. Lililofuata halikusogezwa, lilitoka Oktoba ileile.

Mwaka 2024 hali ilifanana. Ulipogunduliwa mlango wa siri katika programu ya xz, toleo la majaribio la Ubuntu lilicheleweshwa wiki moja. Hata hivyo toleo kamili lilitoka Aprili 25 kama lilivyopangwa.

Funzo ni nini? Kuahirisha si aibu, mradi sababu itajwe mapema, siku mpya ijulikane, na kalenda irudi mahali pake.

Lakini badiliko linalotugusa zaidi lilifanyika mwaka 2013, nalo halikuhusu siku ya kutoka bali siku ya mwisho. Matunzo ya matoleo ya kawaida yalipunguzwa kutoka miezi 18 hadi 9. Kwa mwenye intaneti ya kasi si tatizo. Kwa shule au duka linalonunua vifurushi vya intaneti, kupakua mfumo mzima kila baada ya miezi michache ni mzigo. Asiyepakua hubaki bila marekebisho ya usalama, na hesabu za duka zima zimo humo.

Matoleo ya muda mrefu hutoka Aprili, kila baada ya miaka miwili, na hutunzwa miaka 5 bila malipo. Hayo ndiyo yanayotufaa. Kwa hiyo, fundi anapokuwekea mfumo, usimwulize kama ni mpya. Mwulize: unatunzwa hadi lini?