Fuwele si Anasa

Jirani yangu mmoja, mtu msomi tena mwenye kauli barazani, alinikuta nikisoma habari za fuwele mpya za mashine za eksirei, akacheka. "Mwalimu," akasema, "hayo ni mambo ya Wazungu na Wajapani. Sisi hata panado zinatushinda." Waliokuwapo wakamwunga mkono. Nilinyamaza kwa adabu, maana kahawa ilikuwa yake. Leo sinyamazi.

Kwanza tuelewane. Eksirei haionekani kwa jicho. Röntgen mwenyewe, tarehe 8 Novemba 1895 mjini Würzburg, hakuiona. Alichoona ni ubao uliopakwa chumvi ya bariamu na platini uking'aa gizani. Mpaka leo picha nyingi za hospitalini hutegemea kitu kama kile, fuwele inayonasa mionzi na kuigeuza kuwa mwanga. Fuwele ikiwa mvivu, fundi hana njia ila kuongeza mionzi. Na mionzi hiyo ya ziada hupita kifuani mwa mgonjwa.

Hapo ndipo jirani yangu anapokosea. Anadhani fuwele bora ni pambo la mashine, kama rangi ya gari. Mwaka 1896 Edison alijaribu kemikali nyingi mno, akachagua chumvi ya kalsiamu na tungsteni. Msaidizi wake, Clarence Dally, aliyeitia mikono yake katika mionzi siku baada ya siku, aliungua, akakatwa mikono, akafa mwaka 1904. Unga wa fuwele ile ulitumika hospitalini kwa zaidi ya miaka 70. Katika miaka ya 1970 ndipo zilipoingia skrini za gadoliniamu, na mionzi iliyohitajika kwa picha ileile ikapungua kwa nusu hivi. Nusu! Na mgonjwa alisimama palepale, akabana pumzi vilevile.

Kisha ikaja iodidi ya sesiamu iliyotiwa thaliamu kidogo. Skrini ya unga ukiinenepesha ili inase mionzi zaidi, mwanga hutawanyika ndani yake na picha huingia ukungu. Lakini sesiamu hii huoteshwa kama sindano nyembamba zilizosimama bega kwa bega, mfano wa matete mtoni. Sehemu kubwa ya mwanga hushuka ndani ya sindano yake bila ya kuhamia kwa jirani. Nilipolielewa jambo hili nilisikitika kwamba nimestaafu. Ningelifundisha kwa ufagio wa chelewa tu.

Na watafiti nao nina neno nao. Mwaka 2018 wenzao wa Singapore walitangaza vijifuwele vya sesiamu, risasi na bromini vinavyong'aa sana chini ya eksirei, tena rahisi kutengeneza. Vizuri. Lakini vina risasi, na fuwele za ukoo huo huharibiwa na unyevu. Wapo wanaojaribu shaba badala ya risasi. Hao nawaunga mkono. Ila ninapoona mtu anasifu mwangaza peke yake, namwuliza: umewahi kukaa Tanga mwezi wa Aprili, chumvi ya mezani inapogeuka maji na umeme umekatika? Iodidi ya sodiamu, ambayo Hofstadter aliionyesha uwezo wake mwaka 1948, hunyonya maji hewani hata ikabidi ifungiwe kabisa. Somo hilo ni la zamani. Fuwele isiyovumilia hewa yetu na ibaki maabara.

Miaka michache iliyopita nilipigwa picha ya kifua mara tatu katika asubuhi moja, hospitali nisiyoitaja. Ya kwanza ilitoka hafifu, ya pili ina madoa, maana skrini ilikuwa kuukuu, imechubuka. "Samahani mzee," kijana akasema, "turudie kidogo." Sikumlaumu; alifanya kazi na alichopewa. Mtu wa umri wangu hana kubwa la kupoteza. Lakini nyuma yangu kwenye benchi alikaa mama na mtoto wa kama miaka mitatu, na mtoto yule naye aliitwa ndani mara ya pili. Jirani yangu na aende akamwambie mama huyo kwamba fuwele ni mambo ya Wazungu.