MTABILA NA AHADI YETU

Ahadi ya kwanza ya mwanachama, tangu siku za TANU, ni kumhesabu kila binadamu kuwa ndugu na Afrika kuwa moja. Ahadi hiyo ni nyepesi mkutanoni. Uzito wake hujulikana mpakani. Ndiyo maana twairudia habari ya Mtabila, wilayani Kasulu, ambako imani yetu ilipimwa.

Warundi waliokimbia vita vilivyofuata kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, Oktoba 1993, walikaa huko miaka mingi. Agosti 2012 Serikali yetu iliwaondolea hadhi ya ukimbizi watu wapatao 38,000, na mwaka haujesha kambi ikafungwa, wengi wao wakarudishwa kwao.

Twaanza na hoja za waliofunga, maana ndio wenzetu. Walisema: amani imerudi Burundi; miti ya Kigoma imekwisha kwa kuni; wananchi wa Kasulu na Kibondo wanalala kwa hofu ya silaha zilizovuka mpaka; na nchi maskini imekwisha kubeba zaidi ya fungu lake. Hizi si hoja za watu wabaya. Aliyeketi Dar es Salaam hana haki ya kumwita mkulima wa Kasulu mchoyo.

Lakini mgeni naye alikuwa na lake. Wahenga walisema siku ya tatu apewe jembe. Yeye alikatazwa kwenda zaidi ya kilometa 4 kutoka kambini. Wenzake wa 1972 walipewa mashamba Katumba, Mishamo na Ulyankulu, wakajilisha wenyewe, na mwaka 2007 wakaulizwa wachague kurudi au kuwa raia. Wengi walichagua uraia. Watu wa Mtabila walihojiwa, kweli, na wachache wakahamishiwa Nyarugusu. Lakini waliulizwa wanaogopa nini. Hawakuulizwa wao ni akina nani. Kijana aliyezaliwa Kasulu, ambaye Kirundi chake na Kiha cha jirani vinasikilizana, angeweza kujibu swali hilo.

Aprili 2015 Burundi ilichafuka tena, na maelfu kwa maelfu wakaingia Kigoma. Wakapokewa Nyarugusu, kisha Nduta. Mtabila leo ni kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa.

Je, waliofunga walikosea yote? La. Hakuna ajuaye ya kesho, na nchi ina haki ya kufunga kambi. Bali tumejifunza kwamba "amani imerudi" si neno la kutamkwa na mwenyeji peke yake.

Basi, ndugu mwanachama, anayeona kwamba ahadi yetu inaishia mpakani na aseme wazi, tuibadilishe. Anayeishika na awe tayari kuilipia kwa shamba, kwa kuni na kwa nafasi ya darasani, tena asimwachie mtu wa Kasulu mzigo huo peke yake. Sisi twaishika, na kwa kuwa twaishika, twakiri kwamba Mtabila tulipungukiwa.