Paka wa Stoo na Mchanga wa Ujenzi

Mwezi wa Shaaban, tulipokuwa tukitoa mikeka ya akiba ili ifuliwe kabla ya Ramadhani kuingia, tulimkuta stoo paka amejifungua juu ya zulia lililokunjwa. Watoto walikuwa wanne, macho yao yangali yamefumba. Na kwa kuwa macho ya mtoto wa paka hufumbuka baina ya siku ya 7 na ya 14, tulikisia kwamba hawajatimiza majuma mawili. Mjumbe mmoja wa kamati alishauri watiwe kwenye kiroba, wapelekwe sokoni usiku ule ule. Mama anayefagia upande wa wanawake alimsikia, akasimama mlangoni.

"Mwanangu, mama yao unambakisha hapa, na huko sokoni nani atawanyonyesha?"

Mjumbe akanyamaza. Ajenda ya paka ilichukua muda mrefu kuliko ajenda ya pampu ya kisima, na muhtasari tuliouandika ni shahidi.

Wasomaji wetu wanaijua hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Imo katika Bukhari na Muslim, na hatuna haja ya kuirefusha. Kilichotushughulisha sisi ni jambo la chini zaidi, nalo ni kinyesi. Paka mwenyewe si najisi, na maji aliyoyanywa hayaharibiki kwa kuguswa na mdomo wake. Mkojo wake na kinyesi chake ni najisi bila shaka. Kikiangukia mkeka wa kuswalia, huondolewa kwanza kile kiwiliwili chake, kisha humwagiwa maji mpaka rangi na harufu ziondoke. Kuuanika juani peke yake hakutoshi kwa madhehebu yetu ya Shafi, ingawa tumeona wengi wakifanya hivyo.

Hapo ndipo tulipogundua kosa letu wenyewe. Nyuma ya msikiti palikuwa na chungu la mchanga wa kujengea mahali pa kutawadhia, limekaa wazi miezi mitatu tukingoja fedha za saruji. Paka wa mtaa mzima walikuwa wamelifanya choo, na watoto wa madrasa walikuwa wakilichezea pekupeku wakati wa mapumziko. Baadhi yao walikuwa na michirizi myekundu iliyopindapinda miguuni, inayowasha usiku kucha. Sisi tulidhani ni upele wa joto. Zahanati walituambia ni mabuu ya minyoo ya paka na mbwa, ambayo huingia kwenye ngozi kutoka katika mchanga uliochafuliwa. Mchanga ule tuliufunika turubai siku hiyo hiyo, jambo ambalo lilipasa kufanywa siku ulipoteremshwa kwenye gari.

Paka aliyezuiwa mchanga lazima apewe mahali pengine. Madukani huuzwa udongo maalumu wa choo cha paka, na ule unaosifiwa sana ni ule unaoganda na kuwa bonge ukipata unyevu. Kwa paka mzima haudhuru. Kwa mtoto wa paka usiutumie, kwa sababu yeye huonja kila kitu, na kile kinachoganda chomboni huweza kuvimba na kuganda tumboni mwake pia. Wenye manukato nao tuliuacha, maana paka wengi huikimbia harufu hiyo wakaenda kujisaidia chini ya kabati. Tuliona maranda ya fundi seremala yanatosha, mradi mbao ziwe hazikupakwa dawa ya mchwa. Magazeti yaliyochanwa vipande nayo yanafaa. Tulipasua dumu la mafuta la lita 20 kwa ubavu, tukakata ukingo wa mbele uwe chini ili watoto wapande bila taabu, tukazungushia gundi ya karatasi mahali penye makali. Kina cha vidole viwili kinatosha, na chombo kikae mbali na chakula.

Mpaka kufikia juma la tatu hivi, mama yao huwalamba ndipo wajisaidie, na yeye ndiye husafisha. Baada ya hapo waweke chomboni kila wanapoamka na kila wanapokula. Chombo huoshwa kwa sabuni na maji ya moto. Zile dawa za kuoshea vyoo zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikitiwa maji ni sumu kwa paka, ambaye hukanyaga kisha akalamba miguu.

Mke wa muadhini, aliyekuwa na mimba ya miezi mitano, aliambiwa na majirani amfukuze paka nyumbani kwake. Alitujia ameshafungasha. Ugonjwa anaohofiwa upo, na unaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Lakini vijiyai vyake katika kinyesi huhitaji siku moja hadi tano kabla ya kuweza kuambukiza. Basi choo kisafishwe kila siku, na asafishe mume. Nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa ni njia ya ugonjwa huo huo, na hilo majirani hawakulitaja. Muadhini sasa husafisha baada ya swala ya alfajiri.

Maziwa ya ng'ombe msiwape, huwaharisha, na kuharisha humuua mtoto wa paka upesi. Tangu juma la nne huonja dagaa waliochemshwa bila chumvi na kupondwa. Wasitenganishwe na mama kabla ya majuma manane, na wakitimiza miezi mitatu wapelekwe kwa daktari wa mifugo wakachanjwe kichaa cha mbwa.

Wawili wameshapata kwao. Mmoja alichukuliwa na yule mjumbe wa kiroba. Wawili waliobaki wako kwa mama mfagiaji, na anayewataka amwone baada ya Ijumaa, aje na kikapu chenye mfuniko.