Tuanze na Sikio: Maoni juu ya Uchaguzi wa Mitambo ya Filamu Darasani

Siku moja, nilipokuwa nikikagua mazoezi ya kufundisha, niliketi nyuma ya darasa la tano lenye watoto zaidi ya 80. Mwanachuo niliyekwenda kumtazama alikuwa ametayarisha somo la sayansi juu ya mzunguko wa damu. Andalio lake la somo lilikuwa safi, naye alikuwa amejipatia filamu fupi inayoonyesha jinsi moyo unavyosukuma damu. Akaiwasha projekta, akaunganisha kompyuta yake, picha ikatokea ukutani, watoto wakashangilia. Lakini moyo ule ulidunda kimya. Waya aliopewa ulikuwa wa VGA, nao huchukua picha tu. Sauti ilibaki katika kompyuta, ikitoka kwenye spika mbili ndogo mfano wa vifungo vya shati. Mvua ilipoanza kupiga mabati, hata watoto wa dawati la kwanza hawakusikia neno. Dakika 20 zikapita katika kuchomeka na kuchomoa, hata kengele ikalia.

Baada ya kipindi aliniuliza, "Mwalimu, nimekosea wapi?" Nilimjibu kwamba ilimpasa kuijaribu mitambo mapema. Jibu hilo lilikuwa la kweli, lakini halikutosha. Kosa halikuanza asubuhi ile darasani. Lilianza siku vyombo vile viliponunuliwa.

Siku hizi watu wengi hujitengenezea nyumbani ukumbi mdogo wa sinema: kompyuta iliyounganishwa na runinga kubwa au projekta, pamoja na spika na rimoti. Shule nazo, zinapopata fedha kidogo kutokana na michango ya wazazi, huiga mpango uleule. Hapo ndipo tunapopotea. Sebuleni huketi watu wanne au watano, usiku, mapazia yakiwa yamefungwa, na umeme ukikatika hakuna kinachoharibika ila starehe. Darasani wameketi watoto 80, saa nne asubuhi, madirisha yakiwa wazi, na kipindi kikipotea hakirudi. Vyombo vinavyomfaa wa sebuleni vyaweza kabisa visimfae wa darasani.

Maoni yangu ni kwamba mwalimu achague vyombo kwa utaratibu ulio kinyume cha desturi. Wengi huanza na kompyuta, kisha projekta, na spika huja mwisho ikiwa fedha zimesalia. Mimi nasema tuanze na sikio, tufuate jicho, tuutazame umeme, na kompyuta iwe ya mwisho.

Kwa nini sikio? Mtoto asiyeiona picha vizuri, lakini akasikia maelezo, bado anaweza kujifunza jambo. Redio ilifundisha shuleni kwa miaka mingi bila picha yoyote. Lakini filamu ya maelezo isiyosikika ni vivuli vinavyocheza ukutani. Basi spika ya darasani iwe na nguvu ya kufika dawati la mwisho hata mvua ikinyesha. Iwekwe karibu na picha, juu ya usawa wa vichwa vya watoto, ili wa mbele wasizibe sauti ya wa nyuma. Nashauri pia iwe ya waya. Spika nyingi zinazopokea sauti kwa mawimbi ya hewani huichelewesha kidogo, na katika somo la lugha, ambapo mtoto hutazama midomo ya msemaji, ucheleweshaji huo huvuruga. Waya wa HDMI huchukua picha na sauti pamoja, lakini ukiishia kwenye projekta, sauti hutoka katika kispika kidogo kilicho ndani yake, ambacho hakitoshi. Kwa hiyo uwepo waya wa pili wa kupeleka sauti kwenye spika kubwa.

Tuje kwenye jicho. Wataalamu wa vifaa vya kuona na kusikia wana kanuni ya zamani ambayo haijachakaa: mtazamaji wa mbele asikaribie picha kuliko mara 2 ya upana wake, na wa mwisho asiwe mbali kuliko mara 6. Ikiwa dawati la mwisho liko meta 8 kutoka ukutani, picha inahitaji upana wa meta 1 na sentimeta 33 angalau. Sasa chukua runinga ya inchi 32, ambayo upana wake ni sentimeta 71 hivi. Ukizidisha kwa 6 utapata meta 4 na robo tu. Watoto walioketi nyuma ya hapo wataona rangi, wala hawataona maneno. Hesabu hii haihitaji fundi. Inahitaji kamba ya kupimia na dakika 5. Mwalimu aifanye kabla hajamtuma mtu dukani.

Projekta hutoa picha pana kwa urahisi, lakini ina adui wake, nalo ni jua. Projekta haiwezi kutupa weusi ukutani. Pale tunapoona weusi, pana ukuta usiomulikwa tu. Kwa hiyo mwanga wa dirishani ukiufikia ukuta ule, weusi hugeuka kijivu na picha hufifia. Mwenye projekta sharti awe na njia ya kupunguza mwanga upande wa mbele wa chumba, kwa kanga nzito au kwa mikeka, akiuacha upande wa nyuma wazi ili watoto wapate hewa na waweze kuandika. Ikiwa chumba hakiwezi kutiwa giza, afadhali runinga, na watoto wasogezwe karibu kwa makundi.

Umeme nao una hesabu yake. Projekta ya balbu yaweza kula wati 250 hadi 300. Runinga ya inchi 32 ya siku hizi hula takriban wati 50, na kompyuta ndogo chini ya wati 15. Betri ya gari ya volti 12 yenye uwezo wa ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,200, na haifai kutumia zaidi ya nusu yake ikiwa tunataka idumu. Nusu hiyo huendesha projekta kwa saa 2 hivi, lakini runinga, kompyuta na spika ya wastani huendeshwa kwa saa 6 hivi. Shule iliyo mbali na nguzo za umeme, inayotegemea jua, isiipuuze tofauti hii.

Kompyuta, ambayo wengi huifanya bibi harusi, ndiyo yenye masharti machache. Haihitaji kuwa ya gharama. Iwe ndogo, isiwe na feni ikiwezekana, maana feni huvuta vumbi la chaki. Na diski yake isiwe ya kuzunguka, kwa kuwa itabebwa kutoka darasa hadi darasa. Zipo za ukubwa wa kiganja, kama Raspberry Pi iliyoanza kuuzwa mwaka 2012. Hata hapo sikio lituongoze: toleo lake la nne, la mwaka 2019, lina tundu la kuchomeka spika, la tano, la mwaka 2023, halina. Filamu ziwe zimehifadhiwa ndani ya kompyuta, mwalimu asitegemee intaneti katikati ya kipindi. Tena ziwe za mtindo wa H.264, ambao huchezeka karibu kila mahali. Ule wa H.265 huzilemea kompyuta nyingi za zamani. Programu ya bure ya VLC yatosha kwa kazi hii, nayo huweza kupunguza mwendo wa filamu.

Kipo chombo kimoja cha bei ndogo ambacho kwangu kina thamani kuliko vyote: rimoti, au kibodi isiyo na waya. Kwa hiyo mwalimu huisimamisha filamu akiwa katikati ya watoto, akauliza, "Damu hii inakwenda wapi sasa?", akasubiri, akasikiliza, ndipo akaendelea. Filamu ya dakika 3 iliyosimamishwa mara 4 ni somo. Filamu ya dakika 30 isiyosimamishwa ni burudani, na mwalimu aliyeketi pembeni amejiuzulu kwa muda.

Haikosi wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya mafundi, na kwamba chombo bora kitafundisha chenyewe. Mwaka 1971 Côte d'Ivoire ilianzisha mpango mkubwa wa kufundisha shule za msingi kwa televisheni. Mitambo ilikuwa ya hali ya juu. Hata hivyo gharama zilikuwa nzito, walimu na wazazi wengi hawakuridhika, na mapema katika miaka ya 1980 mpango ukaachwa. Sisemi kwamba picha hazifai. Vipindi vya katuni vya Ubongo Kids, vilivyoanza Tanzania mwaka 2014, vimeonyesha kwamba hesabu na sayansi zaweza kuvutia kwa Kiswahili chetu. Nasema tu kwamba chombo hakina macho ya kumtambua mtoto aliyepotea.

Naijua shule moja ambayo projekta yake nzuri imefungiwa kabatini ofisini kwa kukosa spika na pazia. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Ndugu mwanachuo, siku utakapoombwa ushauri juu ya kununua vyombo, usianze kwa kutaja kompyuta. Nenda darasani, keti katika dawati la mwisho, mwambie mwenzako asome kwa sauti akiwa mbele, kisha ujiulize unasikia nini na unaona nini. Orodha ya vitu vya kununua ianzie pale ulipoketi.