Sindano ya Mgongo Inasingiziwa

"Mkimchoma mgongoni, mtanirudishia maiti." Bibi mmoja alinikatalia hivyo mlangoni mwa wodi ya watoto, mjukuu wake wa miaka mitatu kalala hoi, shingo imekakamaa, nasi tukishuku homa ya uti wa mgongo. Jirani yake alitolewa maji ya mgongo, kesho yake akafa. Lisilosimuliwa mtaani ni kwamba jirani huyo alifikishwa siku ya tano, keshamaliza dozi mbili za malaria za dukani.

Nimestaafu uuguzi, na maneno yaleyale bado nayasikia kwenye daladala. Hofu hiyo tumeilea sisi watumishi. Unamsukumia mtu fomu, "Mama, saini hapa," basi. Nani asiogope?

Sindano huingia kiunoni, chini ya pale ugwe wa mgongo wenyewe unapoishia. Hapo zimebaki nyuzi za fahamu tu, zinaelea majini, na kwa kawaida huipisha. Kazi yangu ilikuwa kumlaza mtoto ubavu na kumkunja, magoti tumboni, kidevu kifuani, asitikisike. Maji ya mzima hudondoka maangavu kama ya kunywa. Maabara wanahesabu chembe nyeupe kwa hadubini, wanapima sukari na protini, wanaotesha vijidudu. Bila hayo utajuaje kama ni bakteria, kifua kikuu au fangasi? Homa ni ileile, kichwa kinauma vilevile, dawa mbalimbali; ya kifua kikuu hunywewa hata mwaka mzima. Na malaria ikionekana kwenye damu, kesi haijaisha: mtoto wa kwetu anaweza kuwa na malaria na homa ya uti wa mgongo kwa pamoja.

Wakati mwingine daktari mwenyewe huiahirisha sindano, hasa akiona dalili kwamba shinikizo kichwani limepanda mno. Dawa huanza hapohapo, haingoji maji.

Yule bibi sikumhubiria. Nilimletea kichupa kitupu, nikamwonyesha kwa ukucha maji yatakapofika.

"Hayo tu?"

"Hayo tu, bibi. Na mwili utatengeneza mengine leo hii hii."

Akaomba wino, akabonyeza dole gumba. Daktari alipochoma, matone yalitoka na ukungu, kama maji ya kuoshea mchele. Hatukungoja majibu ya maabara. Dawa ilikuwa tayari kwenye trei.