Mbao Zenye Sumu Zisiishie Jikoni kwa Mama Lishe

Vijana wenzangu wa Mara, siasa siyo uchaguzi tu. Hata rundo la mbao nyuma ya karakana ya seremala ni siasa.

Kifungu cha 114 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinazitaka halmashauri ziweke utaratibu wa kutenganisha taka pale zinapozalishwa. Kwa mbao, mafungu ni matatu. Maranda na vipande visivyo na rangi: banda la kuku, au kuni. Mbao nzima: ng'oa misumari, zitumike tena. Zilizopakwa rangi, plaiwudi na nguzo zilizotiwa dawa: zisiguse moto! Dawa ya nguzo mara nyingi ina arseniki; ukichoma, nyingine inatoka na moshi, nyingine inabaki kwenye majivu. Sasa fikiria mama lishe au mbanika samaki anayeuziwa kuni hizo bila kujua.

Mikutano ya baraza la madiwani iko wazi kwa wananchi. Twendeni Musoma, Bunda na Butiama tukasikilize, na kila mmoja ambane diwani wake: sheria ndogo ya kutenganisha taka iko wapi? Mbao zenye sumu zinapelekwa wapi? Tusikubali jibu la "tunalifanyia kazi".