Chama kilitualika kula Mbarara, na sisi hatuna kura

Ndugu zetu wa Base Camp, Juru na Rubondo, na nyinyi mnaosoma Mbarara: wengi mliiona ile picha yetu tumevaa tisheti za rangi moja, nyuma yetu maputo, mkatuuliza kwenye simu, "Sasa mmeingia siasa?" Wengine mlitupongeza. Wengine mlitutukana kidogo, na tulisoma yote. Tulinyamaza wiki kadhaa kwa sababu sisi wenyewe tulikuwa hatujaelewana. Sasa tumeelewana, karibu wote, na tunaandika.

Chama hatukitaji. Woga kidogo upo, hatukatai, lakini sababu kubwa ni kwamba hata kingekuwa kile kingine, mambo yangekuwa yale yale.

Ilikuwa kabla ya uchaguzi wa 15 Januari 2026. Kaka mmoja wa Mbarara, kazi yake kukusanya watu kwa ajili ya chama, alituona tukicheza Siku ya Wakimbizi, tarehe 20 Juni, akachukua namba. Miezi ikapita, tukamsahau. Halafu akapiga: kuna chakula cha jioni cha kuchangia chama, hotelini, na yeye anatafuta vijana 14 wa Nakivale, "wafuasi wa mashinani". Gari analipa yeye, chakula kipo, tisheti zipo. Hakuna aliyemuuliza chama kinasema nini juu ya wakimbizi. Tulimuuliza kama kutakuwa na nyama. Tusidanganyane jamani: tangu 2023, msaada wa chakula ulipogawanywa kwa makundi na familia nyingine zikaondolewa kabisa kwenye orodha, mtu akikwambia kuna mbuzi na matoke humuulizi ilani.

Basi tukapanda gari, vumbi mpaka Kabingo, kisha lami, nyimbo mpaka Mbarara.

Ukumbi ulikuwa mzuri. Meza za mbele zilikuwa na vitambaa vyeupe na namba, na kila meza ilikuwa imenunuliwa na mtu au kampuni. Sisi tuliwekwa nyuma, karibu na mlango wa jikoni, viti vya plastiki. Hatulalamiki, chakula kilitufikia kikiwa cha moto. Tulikula kalo, matoke, mbuzi, na ile eshabwe ya Banyankole ambayo wenzetu wawili waliiogopa mwanzoni kisha wakarudi mara tatu. Tulicheza ngoma mbili. Mkubwa mmoja aliposhika maiki akasema, "Hata ndugu zetu wakimbizi wako na sisi!" Ukumbi ukapiga makofi. Na sisi tukapiga, tukijipigia wenyewe.

Halafu zikaanza pesa.

Kama hujawahi kuona mchango wa siasa, ngoja tukueleze, kwa sababu hiyo sehemu ilitufundisha kuliko hotuba zote. Mwongoza sherehe anaita meza kwa namba. Mtu anasimama, anasema anatoa kiasi gani taslimu na anaahidi kiasi gani, na karani anaandika. Akitaja kidogo, mwongoza sherehe anamtania mpaka aongeze. Keki ilikatwa ikauzwa kipande kwa kipande. Jogoo mmoja mwekundu aliuzwa mara tatu, maana kila aliyemnunua alikuwa anamrudisha mbele auzwe tena. (Yule jogoo alipata pesa nyingi kuliko kikundi chetu tangu kianze.) Karibu yetu alikaa mzee mmoja, dereva wa mkubwa fulani, akawa anatutafsiria kwa sauti ya chini. Huyu anasubiri tenda. Yule anataka kugombea mara ijayo. Yule pale mtoto wake amemaliza chuo, hana kazi. "Wanangu, hapa hakuna anayetoa bure," akasema, akiendelea kutafuna.

Si lazima kuamini yote ya dereva. Lakini chama kinahitaji pesa kweli. Uganda, chama chenye wabunge huweza kupata fedha za serikali kulingana na idadi ya wabunge wake, na hiyo haitoshi kampeni: mafuta, mabango, maspika, tisheti kama zetu. Inayobaki inatafutwa kwa keki na jogoo, na wanaotoa wanajua wanatoa kwa nini. Hilo hatulilaumu sana, ndivyo dunia ilivyo. Swali letu ni lingine: sisi tulikuwa pale kwa nini?

Jibu lilikuja lenyewe. Mwongoza sherehe, meza zilipoisha, akatugeukia kule nyuma. "Na vijana wa Nakivale, mnatuacha hivi hivi?" Kicheko. Kimya. Watu wote wamegeuza shingo. Ndipo dada yetu mmoja akasimama, akasema kwa Kiswahili, "Sisi tunaahidi shilingi laki moja." Makofi yake yalizidi ya yule wa milioni tano. Mkubwa mwenyewe alisimama. Karani akaandika: Vijana wa Nakivale, 100,000.

Dada yetu hatumlaumu, na tunaomba msimlaumu. Ingekuwa wewe, macho mia mbili yanakutazama na eshabwe ya watu bado iko mdomoni, ungesimama.

Kwenye sanduku la kikundi tulikuwa na 130,000. Ilikuwa ya kutengeneza spika, ile inayotupatia harusi, ambayo ndiyo inatuletea pesa nyingine. Wiki iliyofuata karani akapiga simu. Akapiga tena. Hakuwa mkali, alikuwa na adabu kabisa, na hiyo ndiyo ilituumiza. Kikao chetu kikagawanyika katikati. Kundi moja: ahadi ni deni, jina letu limeandikwa, tukikataa wataona wakimbizi ni waongo. Kundi la pili: deni la nini? Tuliitwa kucheza, tulicheza. Yaya mmoja akauliza swali ambalo mpaka leo halijajibiwa: ule wa tenda anapata tenda, ule wa mtoto anapata kazi, sisi tukitoa laki tunapata nini? Hata kura ya kuwatishia hatuna.

Tulienda kwa mzee mmoja wa kijiji chetu, Mnyarwanda, yuko hapa tangu ujana wake. Tulitaka atuambie kulipa au kutolipa. Hakuuliza kabisa habari ya pesa. Aliuliza, "Tisheti mlivaa njiani, au mlivaa mle ndani?" Tukasema njiani. Akatikisa kichwa.

Akatueleza mwezi wa kumi 1982. Sisi wengi tulikuwa hatujawahi kusikia, na ilitokea hapa hapa, katika Mbarara ya zamani ambayo Isingiro ilikuwa ndani yake. Serikali ya Obote ilikuwa ikiwaona Wanyarwanda kama watu wa upande wa maadui zake. Viongozi wa hapa pamoja na vijana wa chama tawala, UPC, wakaanza kuwafukuza: nyumba zikachomwa, ng'ombe zikachukuliwa. Maelfu wakavuka kwenda Rwanda, maelfu wengine wakasukumwa kwenye makazi ya zamani ya wakimbizi, na Nakivale ni mojawapo. Si wakimbizi tu, hata wenye asili ya Rwanda waliokuwa raia wa Uganda. Wengi wao hawakuwa na kadi ya chama chochote. Ilitosha watu kuamini kwamba wana upande.

"Mwenyeji akivaa rangi, akishindwa anaivua," mzee akasema. "Wewe watu wataendelea kuiona."

Hatusemi Uganda ya leo ni ile. Majirani zetu wa Isingiro wanalima na sisi, wanasoma na sisi, wanatuuzia na kununua kwetu. Lakini hata ukiacha historia, kuna sheria. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inatuambia mkimbizi asishiriki shughuli za siasa ndani ya Uganda, za mtaani wala za taifa. Inatupa haki ya kuunda vikundi, lakini vikundi visivyo vya siasa. Yaani yule aliyesema kwenye maiki kwamba tuko na wao alipata makofi, na sisi ndio tungeulizwa. Hakutuambia hilo. Na sisi hatukusoma, hilo ni kosa letu.

Kuna wenzetu wanasema sheria yenyewe ndiyo mbaya. Labda. Nakivale ina wakimbizi tangu miaka ya mwisho ya 1950, na Katiba inamnyima uraia wa kuandikishwa hata mtoto aliyezaliwa hapa, kama mzazi wake au babu yake alikuwa mkimbizi. Kwa hiyo mtu anaweza kuzaliwa Juru, akazaa Juru, na hajapiga kura ya mbunge hata siku moja. Tanzania ilikwenda njia nyingine: Warundi wa 1972 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, kama 162,000, walipewa uraia, na vyeti vyao vilianza kutolewa 2014. Mwaka uliofuata Tanzania ilikuwa na uchaguzi, na mtu kama huyo akiitwa kwenye mchango wa chama anaweza kuuliza, "Na barabara yetu?" Anayemuomba pesa anahitaji kura yake. Sisi tulichangia makofi, picha na laki moja ya ahadi, na hatukuwa na cha kuuliza.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu. Hatukulipa. Tulimpigia karani wenyewe, hatukujificha, tukamwambia pesa hiyo hatukuwa na haki ya kuiahidi, atufute kwenye kitabu. Akasema sawa. Hatujui kama alifuta. Wenzetu wawili bado wanaona tumevunja neno, na hatuwalazimishi kubadilika, neno ni neno. Na tunawaomba vikundi vingine vya hapa, vya ngoma, vya kwaya, vya mpira: mkialikwa na chama, chama chochote, msiende, hata kama kuna mbuzi. Mwenye kuwataka kwa ngoma tu alipe ngoma kama harusi inavyolipa, mbele ya kila mtu, bila tisheti.

Msije mkaelewa kwamba tunasema vijana wakae kimya. Kuna mahali tunahesabiwa na hatuendi. Uchaguzi wa viongozi wa wakimbizi, wale wa RWC, kura ni yetu kabisa, na mara ya mwisho wengi wetu hao 14 tulikuwa tumelala au tumeenda sokoni. Kiongozi wa kijiji ndiye anayepeleka habari ya bomba lililokauka, na tulimwacha achaguliwe na wamama na wazee peke yao. Pia mradi wa maji, shule na zahanati zinatumiwa na sisi pamoja na wenyeji, na sera yenyewe ya Uganda inataka sehemu ya misaada ya wakimbizi, asilimia 30, iwafikie wenyeji. Kuzungumza na ofisi ya kata juu ya bomba moja hakuhitaji rangi. Kunahitaji daftari, majina ya nyumba zisizo na maji, na watu watatu wasioogopa kurudi mara ya pili wakiambiwa mkubwa hayupo.

Sisi tumeanza na daftari. Mpaka sasa lina nyumba 41, na mwandiko ni mbaya.

Spika imetengenezwa, elfu 85, na Jumamosi iko na harusi Kabazana. Tisheti 14 ziko kwenye gunia nyuma ya mlango wa mwenyekiti wetu, na mama yake ameshauliza mara mbili kama anaweza kudekia sakafu. Kitambaa ni kizuri kweli. Mwenye wazo la kuzitumia bila kuzivaa, atuandikie.